Mke Mrundi, mume Mtanzania: tajnisi ya ndoa, tajnisi ya kawaida au kibali cha ukaazi? (Kigoma na Tabora)

Msaidizi_Kasulu

Waungwana, naomba tulinganishe njia hizi kwa makini, maana kwenye msaada wa kisheria vijijini watu wanapelekwa njia isiyo yao, wanapoteza mwaka mzima. Wanaokuja kuuliza ni wa makundi matatu. Kuna mwanamke wa Burundi aliyeolewa na Mtanzania. Kuna mwanamume wa Burundi au Kongo aliyeoa Mtanzania na kuzaa naye. Na kuna mzee aliyeikimbia Burundi akaingia nchini mwaka 1972, analima Kasulu au Buhigwe hadi leo, na hana hata karatasi moja.

Njia ninazoziona ni tajnisi (yaani mgeni kuomba na kupewa uraia) ya ndoa, tajnisi ya kawaida, kubaki na kibali cha ukaazi, na kujiandikisha kama mlowezi, yaani mgeni aliyeishi nchini miaka mingi bila vibali. Ipi inamfaa nani, na inakwama wapi?

Mwandiga_Juu

Mkuu, kabla ya njia zote hizo uliza kwanza: mama yake ni nani, baba yake ni nani? Kuna watu wanaomba tajnisi huku tayari ni raia. Mtoto aliyezaliwa Kigoma na mama Mtanzania ni raia wa kuzaliwa, hata kama baba ni Mrundi. Hata akizaliwa Bujumbura kwa mama au baba ambaye ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, huyo ni raia wa kurithi. Hawa hawaombi uraia, wanachohitaji ni kuthibitisha walio nao: cheti cha kuzaliwa cha RITA, nyaraka za mzazi, mashahidi wa ukoo.

Akifikisha miaka 18 akiwa na uraia wa nchi nyingine pia, sheria yetu inamtaka aukane huo mwingine ili abaki na wa Tanzania. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Vijana wengi wa mpakani hawalijui hili mpaka siku ya kuomba pasipoti.

Mtoto ambaye wazazi wote wawili ni wageni ana shida nyingine. Ukisoma Sheria ya Uraia ya 1995 (Sura 357) kifungu cha 5, utadhani kila aliyezaliwa humu baada ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wachache wengine. Lakini ofisini wanataka walau mzazi mmoja awe raia. Usimjengee mtu ombi juu ya tafsiri yako ya kifungu hicho, atagonga mwamba dirishani.

BintiUjiji

Nianze na mwanamke aliyeolewa, maana hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi.

Kifungu cha 11 kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba tajnisi wakati wowote *katika uhai wa mumewe*. Sheria haimdai ile hesabu ya miaka saba ya kuishi nchini inayodaiwa kwenye tajnisi ya kawaida. Lakini mume akifariki kabla ombi halijawasilishwa, mlango huo umefungwa, na mjane anarudi kwenye foleni ya kawaida kama mgeni mwingine yeyote. Kwa hiyo anayesema "tutaomba watoto wakikua" anacheza na jambo asilolimiliki.

Kinachokwamisha ni cheti cha ndoa. Huku kwetu watu wanaishi pamoja miaka kumi, mahari imelipwa, ukoo wote unajua, cheti hakuna. Usimpeleke mtu Uhamiaji na barua ya mtendaji inayosema "wanaishi kama mke na mume". Sheria ya Ndoa ya 1971 inayo dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili na zaidi, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa na haizai cheti. Wafunge ndoa ya bomani: wanatoa taarifa ya kusudio la kuoana, taarifa inabandikwa, zinapita siku 21, ndipo wanafungishwa. Kama walioana kimila, ndoa hiyo pia inaweza kusajiliwa kwa msajili wa wilaya. Ya msikitini au kanisani, hakikisha cheti kimesajiliwa na majina yamefanana herufi kwa herufi na yaliyo kwenye pasipoti ya mke.

Mume Mtanzania naye athibitishe uraia wake. Akiwa Muha wa mpakani mwenye namba ya NIDA tu bila cheti cha kuzaliwa, ukaguzi unamgeukia yeye kwanza. Kiha na Kirundi vinakaribiana mno, maswali hayo hayakwepeki.

Msaidizi_Kasulu

Ahsante sana dada. Na mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania? Wanakuja wakiamini ndoa itawasaidia vilevile.

Gungu_Station

Haitawasaidia vilevile, na waambie mapema. Kifungu cha 11 kinasema mwanamke. Mwanamume anapita tajnisi ya kawaida, kifungu cha 9 na jedwali lake. Ndoa itakuwa ushahidi mzuri kwamba ana mizizi hapa, basi.

Hesabu ya miaka watu wanaikosea. Anatakiwa awe ameishi Tanzania miezi 12 mfululizo kabla tu ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo 12, awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua 7. Chukua anayeomba Januari 2026. Mwaka 2025 wote awe hapa. Kisha unafungua 2015 hadi 2024 na kujumlisha vipindi alivyoishi nchini: vikifika miaka 7 amefuzu, vikiwa 6 na nusu asubiri. Vipindi si lazima vifuatane, lakini ile miezi 12 ya mwisho ni lazima. Sheria inasema kipindi chote, kwa hiyo mwaka huo asiende kukaa Uvira au Rumonge akadhani mhuri wa Manyovu hautaonekana.

Na miaka hiyo inathibitishwa kwa karatasi: vibali vya ukaazi vyote, cha zamani na cha sasa, na pasi ya mtegemezi kama alikuwa nayo. Ndiyo maana nasema kibali cha ukaazi si mpinzani wa tajnisi. Ndicho ngazi yake. Daraja A ni la mwekezaji au anayejiajiri, B la mwajiriwa, C la wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Mtu anayeacha kibali kiishe kwa miezi minane kisha akahuisha ameacha tundu kwenye hesabu yake, na tundu hilo litaulizwa.

Mengine anayodaiwa: Kiswahili au Kiingereza cha kutosha, tabia njema, mchango kwa nchi, na nia ya kuishi hapa moja kwa moja.

BintiUjiji

Naongezea safari ya faili. Mwombaji anatangaza kusudio lake kwenye gazeti linalosajiliwa nchini, matoleo mawili mfululizo. Atunze gazeti zima lenye tarehe, si kipande kilichokatwa na mkasi. Ombi linaanzia Uhamiaji, linajadiliwa na kamati za usalama kuanzia ngazi ya kata, wilaya, hadi mkoa, linakwenda kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na mwenye kauli ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Waziri halazimiki kutoa sababu za kukataa. Kwa hiyo kasoro zote ziondolewe huku chini, kwenye kata, ambako mwenyekiti na mtendaji wanamjua mtu.

Ada hutofautiana kwa kundi la mwombaji. Auliziwe ofisini kiwango cha kundi lake, na alipe kwa namba ya malipo ya serikali tu. Anayedai mkononi apewe kisogo.

Kaliua_Mjini

Nizungumzie wa 1972, maana huku Tabora tunao Ulyankulu.

Mpango wa 2007 ulihusu makazi matatu ya zamani ya wakimbizi wa Burundi: Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watu walichagua kurudi Burundi au kuomba tajnisi, na zaidi ya 162,000 walikubaliwa mwaka 2010. Vyeti vyenyewe vilianza kukabidhiwa Oktoba 2014. Mwenye cheti hicho ni raia kamili. Asiombe tena, na asikubali kuandikwa mlowezi.

Wale wazee wa vijijini Kigoma, aliowataja mkuu hapo juu, hawakuwa kwenye makazi hayo, hivyo ni kosa kudhani "tulipewa wote". Kwao usajili wa walowezi una maana: unamtambulisha mtu, unamtoa kwenye hofu ya kukamatwa kama mhamiaji haramu wa juzi, na unaanzisha kumbukumbu rasmi. Lakini mlowezi aliyesajiliwa bado ni mgeni. Hapigi kura, na ardhi hamiliki, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Shamba alilolima miaka 40 liko mashakani siku yoyote mgogoro ukizuka. Kwa mkulima, hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya mlowezi na raia wa tajnisi.

Mwandiga_Juu

Sasa majina. Warundi wengi hawarithi jina la baba: ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu tofauti ya mwisho. Fomu zetu zinataka jina la kwanza, la kati na la ukoo, basi mtu anajibunia la kati palepale dirishani. Miaka mitano baadaye cheti cha ndoa kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, kibali kina mpangilio mwingine, na faili linarudishwa. Apange jina moja mapema kwa kufuata pasipoti, tofauti zilizopo azieleze kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, na kama amebadili kweli, asajili hati ya kubadili jina. Nyaraka za Kifaransa zitafsiriwe Kiswahili au Kiingereza na mtafsiri anayekubalika, nakala zigongwe mhuri.

Cheti cha kuzaliwa cha kwao, konseli ndogo za Burundi na Kongo zote zipo Kigoma mjini, hana haja ya kufika Dar es Salaam.

Gungu_Station

Hapo weka tahadhari kubwa mkuu. Aliye na hadhi ya ukimbizi, wa kambi kama Nyarugusu, asikimbilie konseli ya nchi aliyoikimbia kuomba pasipoti. Inaweza kuhesabiwa kwamba amerudi chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na hadhi yake ikahojiwa. Huyo aanzie Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, hata kama ameolewa na Mtanzania.

Na kuhusu kuukana uraia wa zamani: asiukane mapema! Kukana kunakuja pale ombi limekubaliwa, pamoja na kiapo cha utii. Akitangulia na ombi likakataliwa, hana nchi. Burundi inaruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kwao hawaupotezi wenyewe, lazima waukane kwa maandishi maana Tanzania inataka hivyo. Kongo ni kinyume: Katiba yao ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mkongo akishapata wetu, wa kwao haushikiki tena.

Msaidizi_Kasulu

Nimeelewa. Swali la mwisho: watoto wadogo wa mwanamume aliyepata tajnisi, waliozaliwa kabla?

BintiUjiji

Kama mama yao ni Mtanzania, tayari ni raia, rudi kwenye jibu la kwanza la Mwandiga. Kama mama naye ni mgeni, hawaingii wenyewe kwa cheti cha baba. Mzazi au mlezi anawaombea kwa Waziri kabla hawajafikisha miaka 18. Mwenye miaka 17 aanze naye huyo kabla ya wadogo zake, maana akivuka siku ya kuzaliwa atadaiwa ile hesabu ya miezi 12 na miaka 7 kama mtu mzima.