Muvi mbovu za mapigano za kukopi: zina faida yoyote au tumezeeka tu?

Mtoto wa Mwaloni
Wakuu habarini. Jana nimekaa na mpwa wangu hapa Buzuruga, Mwanza, yuko chuo mwaka wa pili, nikamwekea muvi ya kininja ya zamani niliyoihangaikia karibu mwezi mzima kuipata, zile tulizokuwa tunaangalia kibanda umiza Kirumba kiingilio shilingi hamsini. Dakika ya kumi tu dogo ananiambia mjomba, si takataka hii? Nikataka nibishe nikakosa cha kusema. Mtu anadondoka kabla teke halijamfikia, wabaya wanatuma ujumbe wa vitisho kwa kirobot cha kuchezea watoto, cha plastiki kabisa. Ila kilichoniuma ni kwamba zamani niliielewa hii muvi. Nakumbuka vizuri ni ndugu wawili wanagombania ng'ombe wa urithi. Jana nimeangalia mpaka mwisho hamna ndugu wala ng'ombe, kuna kisanamu cha dhahabu cha vipande vitatu. Sasa nauliza, hizi muvi zina faida yoyote au nilikuwa mtoto tu?

Jiwe la Bismarck
Umezeeka mkuu. Uzi ufungwe.

Mama Furu
Mi niseme ukweli nyie wanaume mnazitetea hizi muvi kama timu ya mpira. Takataka ni takataka. Mwaka fulani nilinunua CD Makoroboi, kava lina askari na helikopta inawaka moto, kufika nyumbani helikopta yenyewe haimo, ni watu watano wanakimbizana msituni saa nzima na nusu, na msitu ni uleule, kuna mti mmoja uliopinda nimeuona mara nne. Huo ni wizi. Na wapo wanaofanya hivyo kama kampuni kabisa, The Asylum kule Marekani, mwaka 2007 inatoka Transformers na wao wanatoa Transmorphers, bibi yako akitumwa dukani ataleta ipi?

Fundi Deki
Mleta mada kwa kirobot hicho na vipande vitatu vya sanamu hiyo ni Ninja Terminator ya 1985 ya Godfrey Ho wa Hong Kong, na kutoielewa si uzee. Kile ni viraka. Huyo jamaa na wenzake walikuwa wanachukua muvi ya watu ambayo haina soko nje, hiyo yako ni ya Kikorea, halafu wanarekodi vipande vichache vya wazungu wamevaa kininja, wanachanganya, wanaweka sauti mpya juu, wanauza kama muvi mpya. Ndo maana mzungu hakutani kabisa na wale wengine, anaongea nao kwa simu tu, na simu yenyewe ina umbo la yule paka Garfield, si utani nenda kaangalie tena. Yule mzungu ni Richard Harrison, alikubali muvi chache tu akaja kushangaa sura yake imesambazwa kwenye lundo la nyingine ambazo hakujua kama anazicheza 😂

Ila Mama Furu kukopi peke yake sio dhambi. A Fistful of Dollars ya 1964, ile iliyomtoa Clint Eastwood, waliinyanyua Yojimbo ya Kurosawa ya 1961 nzima nzima wakabadilisha upanga wakaweka bastola, Wajapani wakadai na wakalipwa asilimia 15 ya mapato, na leo zote mbili zinaheshimika. Kwa hiyo swali ni umekopi ukafanya nini.

Karabai
Nyie mnaongelea muvi mkiwa mmekaa kwenye makochi. Mi nimekulia kambi ya dagaa Ukerewe. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, kwa hiyo mbalamwezi wavuvi wote wako nchi kavu na hawana cha kufanya, kibanda kinajaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya mabati. TV ya chogo moja, jenereta liko nyuma ya ukuta linanguruma, ikikaribia stelingi kumpata adui mafuta yanaisha (kila siku yanaisha hapohapo, sijui kwa nini 😅) bakuli linapita watu wanachanga. Sasa hapo niwekee muvi nzuri ya watu wanaongea mezani kwa huzuni uone kama hujarushiwa kandambili. Muvi ya ngumi ukiingia katikati umeelewa, usiposikia umeelewa, ukisinzia ukaamka bado wanapigana. Ubovu wenyewe ulikuwa unatusaidia, tulikuwa tunahesabu risasi za bastola kwa sauti, kibanda kizima, thelathini na moja, thelathini na mbili.

Mama Furu
Karabai hapo kwenye bakuli umenichekesha. Haya, moja nawakubalia, wale wa Wakaliga hapo Kampala, yule muongozaji Nabwana na muvi yake Who Killed Captain Alex? ya 2010. Bunduki wamechomelea vyuma chakavu, hela hawana kabisa, na hawakufichi. Halafu VJ Emmie anaongea juu ya muvi mwanzo mwisho anawataka wanaoangalia wajiandae, kasheshe inakuja. Pale najua nimekaribishwa. Yule wa kava la helikopta alinidharau, na sijamsamehe.

Mtoto wa Mwaloni
Ahsanteni. Fundi Deki umenifungua macho, maana nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini mzungu yuko kwenye simu muda wote. Leo mchana nimeenda kumtafuta yule aliyekuwa anatutafsiria pale Kirumba, siku hizi anatengeneza injini za mitumbwi. Nikamuuliza ile ya ng'ombe wa urithi kaitoa wapi. Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye injini, "Kiingereza sikuwa nakijua, na nyie mlikuwa mshalipa." Halafu akanirekebisha, walikuwa ng'ombe arobaini, na yule wa kwenye simu ndo kaka mkubwa, yuko Shinyanga.