Heda za kerneli "hazijapatikana": za kerneli IPI?

Wakuu, hili limezidi. Kwenye Linux, programu ya mashine pepe (VirtualBox au VMware) ikishindwa kujenga moduli zake (vipande vinavyopakiwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo) inatoa wimbo uleule: heda (faili za kujengea moduli hizo) hazijapatikana, sakinisha. Za kerneli ipi? Haisemi. Halafu wajuaji wanakuja mbio na `apt install linux-headers-generic`, mtu anasakinisha, mambo palepale.

Zinatakiwa heda za kerneli inayofanya kazi SASA HIVI, herufi kwa herufi. Andika `uname -r`, inakutajia toleo lake. Ikija 6.1.0-18-amd64 na wewe umeweka za 6.1.0-21, kazi bure, maana kinachochunguliwa ni `/lib/modules/6.1.0-18-amd64/build`. Hicho ni kiungo tu. Kisipokuwepo, au kikielekeza kwenye folda isiyokuwepo, utaambiwa heda hamna hata kama `/usr/src` imefurika.

Kwenye Debian ndiko watu wanakoumia. Matoleo ya zamani ya kerneli huondolewa kwenye hazina, kwa hiyo `apt install linux-headers-$(uname -r)` inajibu "Unable to locate package". Msikimbilie vifurushi vya .deb vya kuokoteza mtandaoni! `apt update`, `apt full-upgrade`, WASHA MASHINE UPYA, ndipo urudie amri ile. Hatua ya kuwasha upya miongozo mingi inairuka, sijui kwa nini. Baadaye weka `linux-headers-amd64` ili kila kerneli mpya ije na heda zake. Ubuntu yenye kerneli ya HWE (mpya zaidi, kwa ajili ya vifaa vipya) haitaki `generic` kavu, inataka `linux-headers-generic-hwe-24.04`, kulingana na toleo lako.

Fedora nako jina linadanganya mchana kweupe: `kernel-headers` ni ya kukompaili programu za kawaida. Ya moduli ni `kernel-devel-$(uname -r)`.

Na nyie mnaoshauri `ln -s` kwenda heda za toleo jirani, acheni. Moduli itajengwa vizuri kabisa, kisha `modprobe` (amri ya kuipakia) inaitema: "Exec format error". Vermagic (alama ya toleo la kerneli iliyo ndani ya moduli) haziwiani, basi.

Heda zikikaa sawa, jenga moduli upya: VirtualBox ni `sudo /sbin/vboxconfig`, VMware ni `sudo vmware-modconfig --console --install-all`. VirtualBox ikigoma, fungua `/var/log/vbox-setup.log` kabla ya kuja kulia hapa. Ukikuta "too few arguments to function", heda hazina kosa: kerneli imeitangulia programu, pandisha toleo la programu.

Jibu: Mkuu umemaliza, ila umesahau Secure Boot (ulinzi wa kompyuta unaokataa moduli zisizo na saini inayoaminika). Moduli inajengwa bila kosa, ikipakiwa inaleta "Key was rejected by service", na mtu anaanza kusakinisha heda upya! Angalia kwanza `mokutil --sb-state`. Kama imewashwa, kwenye Ubuntu ni `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nenosiri la muda, washa upya, na kwenye skrini ya bluu chagua "Enroll MOK" (kusajili ufunguo wa saini). Skrini hiyo haisubiri sana, ikikupita unaanza tena kwenye `--import`.