Mrejesho: nilieomba vitabu vya kusoma jioni dukani Ujiji

Wakuu habari za siku. Mwezi uliopita niliomba mnitajie vitabu vya Kiswahili vya kujifurahisha tu maana jioni wateja wakipungua hapa dukani nakodoa simu mpaka macho yanauma. Asanteni sana mlionijibu.

Nilianza na aliyesema nimtafute mwandishi Ben Mtobwa, mtu wa kwetu Kigoma kabisa na mimi sikuwa nalijua hilo, aibu! Nikampata Joram Kiango, yule mpelelezi wa hadithi zake, kwenye Tutarudi na Roho Zetu, kopi iliyochoka hiyo, muuzaji hakuniambia kuna kurasa zimenyofoka, nikafika penye moto nakuta hadithi imeruka, ikabidi nikisie mwenyewe. Ila nilikisoma siku mbili, mteja anauliza bei ya mawese mi namwambia subiri kidogo. Kina doa la mafuta kwenye jalada sasa.

Peponi ya Gurnah (yule wa Nobel 2021) nayo nimemaliza, taratibu. Yule mtoto Yusuf anavyochukuliwa kwa deni la baba yake, we acha tu. Na msafara ukianza kukata bara nilisoma kwa hamu, maana huku kwetu ndo misafara ilikuwa inafikia.

Kusadikika ya Shaaban Robert ndo imenishinda. Dada uliyenishauri nisamehe, Kiswahili kitamu ila Karama anajitetea mahakamani mi nasinzia, nimeishia katikati. Kesho naanza kitabu cha Musiba, yule mwandishi wa hadithi za Willy Gamba, nimeazimwa na shemeji.