Miaka mitano ya Kiingereza, mtoto hawezi kusema anakaa wapi. Kipindi chenyewe ndicho kibovu!

Wakuu, tupige hesabu kwanza. Kipindi dakika 40, darasa lina watoto 80. Mwalimu akiuliza mmoja mmoja bila hata kupumua, kila mtoto anapata nusu dakika. Toa kuita majina na kufuta ubao, kinabaki nini? Halafu tunashangaa aliyeanza somo darasa la tatu anamaliza la saba, anaulizwa "Where do you live?", anaangalia viatu.

Kinachofanyika ni kuitikia kwa pamoja. "We are fine, thank you, teacher!" Sauti kubwa ya darasa inawaficha wanaochezesha midomo tu. Na swali la "Do you understand?" lifutwe, jibu lake ni "Yes" siku zote.

Watoto wameshabanana watatu kwenye dawati, si watumike hivyo hivyo? Mmoja aulize, wa pili ajibu, wa tatu asikilize kisha aliambie darasa: "She lives in Mbagala." Kila dakika nne wabadilishane, dakika 12 zikiisha kila mmoja amepita nafasi zote. Ila wasiachiwe hewani: maneno manane ubaoni, sentensi mbili za mfano, mwalimu aigize kwanza na mtoto mmoja. Na wawe na sababu ya kuulizana. Mmoja achore chumba chenye vitu vitano, afiche daftari, mwenzake aulize "Is the cup under the bed?" mpaka naye achore kile kile. Mazungumzo ya kukariri hayafai, maana jibu wote wanalo, nani atamsikiliza mwenzake?

Kinachoniudhi zaidi ni kumkatiza mtoto katikati ya sentensi eti kasema "he" badala ya "she". Mwache amalize! Zunguka na daftari, andika makosa manne matano, yaweke ubaoni mwishoni bila majina. Ukiuliza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kumrukia mwingine. Kibao cha shingoni kwa aliyeongea Kiswahili kinafundisha kunyamaza, basi.

Wakubwa nao? Mtihani wa darasa la saba ni wa maandishi, sehemu kubwa kuchagua herufi. Mwalimu anaweza kuwapima watoto sita kila kipindi, wote 80 wakaisha kwa vipindi 14, lakini alama hizo aziandike wapi? Na akijaribu, mwalimu mkuu huyo dirishani: "Darasa gani hili lina kelele?"

Walimu wenye darasa la 100 na zaidi, mnawapangaje? Wa "mpeleke English medium" wapite tu.