Sedani ya spoti: pesa uiweke kwenye mwendo au kwenye starehe?

Wakuu, rafiki yangu anaagiza sedani ya spoti na fedha yake inatosha kifurushi kimoja tu. Cha mwendo kina breki kubwa, springi ngumu, rimu za inchi 19 na difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Cha starehe kina viti vya kupasha joto na kupooza, vioo vinene vya kupunguza kelele na shokabu zinazojirekebisha zenyewe. Kila anayemuuliza anamwambia gari la spoti bila kifurushi cha mwendo halina maana. Mimi napinga.

Tuanze na breki, maana ndizo zinazowavuta wengi. Ukikanyaga mara moja kwa nguvu zote, hata breki za kawaida huzifikisha tairi kwenye ukomo wake na ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) ikaanza kufanya kazi. Kuanzia hapo kinacholisimamisha gari ni tairi kushika lami, si ukubwa wa diski. Diski kubwa zinafaa unapofunga breki tena na tena, uwanjani au kwenye mteremko mrefu, kwa sababu zinahimili joto. Anayeenda kazini na kurudi hafiki huko. Anunue tairi nzuri, na abadilishe mafuta ya breki kwa wakati (hufyonza unyevu polepole, na yakishalowa huchemka mapema).

Halafu rimu. Pigeni hesabu: tairi ya 225/45 R18 (upana milimita 225, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 18) ina ukuta wa milimita 101 hivi, ya 255/35 R19 ina 89. Hizo milimita 12 ndizo zilizokuwa zinapokea shimo kabla rimu haijalipokea. Tena rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito wa magurudumu ndio unaozitesa shokabu. Barabara ikiwa na mabonde, gari gumu linarukaruka katikati ya kona na tairi zinaachia lami, wakati lililo laini kidogo bado limeshika. Watu wanauchukulia ugumu kama kasi, na hilo linaniuma kwa sababu linawauzia mateso.

Difu ndiyo inayonipa taabu. Kwenye gari lenye nguvu nyingi, ukitoka kwenye kona, tairi ya ndani huteleza na nguvu inapotea. Difu hiyo inalitibu hilo, na kuifunga baadaye ni kazi kubwa. Lakini vioo, viti na shokabu za kujirekebisha navyo ni vigumu kuviongeza gari likishatoka kiwandani. Tairi na pedi za breki unabadilisha siku yoyote.

Kwa hiyo nimemshauri achukue starehe, abaki na rimu za inchi 18. Nawauliza mliochagua mwendo na gari mnalitumia kila siku: hiyo difu mmeihisi lini mara ya mwisho?