Wamerudi tena kuchukua damu ya ng'ombe wetu. Tuwape au tuwanyime?

MfugajiMagu
Wakuu, habari za jioni. Niko huku Magu, Mwanza, nina ng'ombe 23 na mbuzi wachache. Mwaka juzi walikuja vijana wa utafiti wakiwa na bwana mifugo. Ng'ombe wakafungwa mmoja mmoja, damu ikatolewa shingoni, kila kichupa kikaandikwa namba ya hereni kikaingia kwenye kisanduku cha barafu. Na mimi nikatobolewa mkono, nikasaini karatasi. Walisema wanatafuta magonjwa yanayotoka kwa mnyama kuja kwa mtu, hasa huu wa kutupa mimba, brusela. Majibu hadi leo kimya, na tangu hapo ng'ombe wawili wametupa mimba. Jumanne wanakuja wengine, karatasi ni ile ile. Tuwape?

DagaaMkavu
Wanyime. Damu ikishapanda ndege huioni tena. Mtu anapata udaktari wa falsafa kwa damu ya fahali wako, wewe umeachiwa pamba.

Daktari_wa_Zizi
DagaaMkavu, sampuli hazipandi ndege kama samaki wa Mwanza. Kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mtafiti wa nje anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na sampuli ikitoka nchini ina mkataba wake. Tuache hadithi.
Halafu brusela si siri ya mtu. David Bruce alimwona mdudu wake Malta mwaka 1887 kwa askari wa Kiingereza, 1905 ikagundulika anatoka kwa mbuzi, jeshi likapiga marufuku maziwa ya mbuzi, homa ikashuka. Dawa ya kwanza ni sufuria. Sasa mwambie Msukuma achemshe maziwa, utafikiri umemwambia arudishe mahari.

Ng'wanaShija
Ulianza vizuri, ukamalizia kwa mdomo. Kwetu Kisesa maziwa ya chai yanachemshwa tangu enzi za bibi. Nyie Wachaga kisusio, ile supu ya damu, huko kwenu mnakunywa kikiwa na nyuzi joto ngapi?

Daktari_wa_Zizi
Mimi si Mchaga.

Ng'wanaShija
Nimekisia kwa ujuaji.

MamaMgando
Nauza mgando Igoma mwaka wa 11 huu, nimesomesha watoto watatu kwa kibuyu. Maziwa yakichemshwa hayashiki, yanakaa kama maji ya kuoshea mchele, mteja anakurudishia kikombe. Kibuyu chenyewe nakifukiza moshi, na ule uchachu unaua wadudu. Nionyesheni mtu mmoja niliyemuua.

Daktari_wa_Zizi
Mama, shikamoo. Uchachu hautoshi, brusela anaweza kukaa ndani ya mtindi siku kadhaa anakusubiri. Na yakichemshwa yanaganda, ila ukishachemsha umeua na vile vijidudu vizuri vinavyogandisha. Poza hadi uvuguvugu, tia vijiko viwili vya mgando mzuri, funika, acha usiku mzima.

MamaMgando
Marahaba. Na huo mgando mzuri wa vijiko viwili umetoka wapi kama si kwenye maziwa mabichi?

DagaaMkavu
😂😂 Daktari kakamatwa.

MfugajiMagu
Wakuu, swali langu lilikuwa la damu.

KakaNyegezi
Maziwa sinywi tangu utotoni, yananipa gesi, na brusela nimeugua. Kwa hiyo punguzeni kelele za mgando.
Ng'ombe wa shemeji alizaa kwa shida. Nikavuta ndama mikono mitupu, kondo la nyuma likabaki nikaingiza mkono hadi kwapani kulitoa. Wiki kama tatu baadaye homa: asubuhi mzima, jioni natetemeka, usiku natoa jasho hadi mke anabadilisha shuka mara mbili. Kiuno kinauma kama nimebeba magunia. Zahanati moja ikanitibu malaria mara tatu, taifodi mara mbili. Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza, "Baba, unafuga?" Nikapimwa, nikapewa dawa mbili, doksi na rifampisini, wiki 6. Kwa hiyo hilo swali la "unafuga?" ni la shilingi ngapi?

MamaMgando
Mungu akubariki mwanangu. Mmesikia? Si mgando.

Daktari_wa_Zizi
Mama, si mgando PEKE YAKE. Kondo na maji ya uzazi yamejaa vijidudu kuliko hata maziwa. Vyote viwili.

BibiTakwimu
Kuhusu malaria za kubahatisha, kuna utafiti uliofanyika Moshi, Kilimanjaro. Kama sikosei wagonjwa elfu moja, na malaria hawakuwa nayo hata mmoja.

Daktari_wa_Zizi
Ni 870, waliolazwa na homa mwaka 2007 na 2008. Waliodhaniwa wana malaria ni 528, waliokuwa nayo kweli 14. Na waliopimwa bakteria wa kutoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nao. Hayo yamejulikana kwa sababu watu walikubali kutoa damu. Mfugaji, wape.

Ng'wanaShija
Moshi tena! Halafu unasema si Mchaga.

MfugajiMagu
Daktari, nimekuelewa, sibishi faida ya dunia. Nauliza yangu. Hereni namba zimeandikwa, jina langu limeandikwa. Kwa nini sijui kama mimi mwenyewe ninao? Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na yeye ndiye anayekamua.

Daktari_wa_Zizi
Hapo sina ubishi na wewe. Sampuli hukusanywa hadi zijae friza ndipo zipimwe, miezi inapita, mradi unaisha, vijana wa mkataba wameshatawanyika. Na kuna jingine halisemwi: ukiambiwa ng'ombe saba wanao, utawafanyaje? Ng'ombe hatibiwi brusela, anaondolewa zizini. Nani atakulipa hao saba? Anayekuletea majibu anajua utamuuliza hilo. Mama wa mimba mpeleke apimwe bila kungoja mradi, na kuzalisha ng'ombe asiguse kabisa.

DagaaMkavu
Saba utawauza mnadani kimya kimya kama wenzio 😅

BibiTakwimu
Na sisi ndio tunaonunua nyama hiyo, ahsante sana.

MamaMgando
Jamani nimejaribu. Lita tano, nimechemsha, nimepoza, nimetia vijiko viwili. Asubuhi yameshika kama ugali wa muhogo! Ila harufu ya kibuyu haipo.

Ng'wanaShija
Mama, fukiza kibuyu kwanza ndipo umimine. Mgando bila moshi ni dawa ya hospitali.

MfugajiMagu
Kesho saa mbili wanafika. Nimemwambia mtendaji: kabla ya kamba kufungwa, waandike kwenye karatasi yao tarehe ya kuleta majibu na namba ya simu ya mtu, si ya mradi. Wakikataa, ng'ombe wanaenda malishoni. Kuna mwenye neno?

DagaaMkavu
MamaMgando, huo wa kuchemsha unauzaje lita?