Masaa matatu na nusu mapokezi na mguu uliovunjika, mdogo wangu anaambiwa "jikaze"

Wakuu, naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Sijalala na nina hasira. Hospitali siitaji, ila ipo hapa hapa Dar.

Jana usiku mdogo wangu kapata ajali ya bodaboda Mbagala. Muundi wa mguu wa kulia umekatika, unaona kwa macho ulivyopinda. Tukampakia kwenye bajaji, na Barabara ya Kilwa kila tuta ni ukelele. Saa nne kasoro robo tuko mapokezi. Sindano ya kwanza ya maumivu kachomwa saa saba na robo.

Muda wote huo ni faili, fomu ya polisi (PF3) iko wapi, lipia eksirei kwanza. Nimerudi dirishani mara tatu. Nikamwomba nesi ampe chochote, akanijibu: "Dada, subiri daktari amwone, dawa ya maumivu itaficha tatizo." Halafu akamgeukia mdogo wangu: "Na wewe mwanaume mzima, jikaze."

Nikamwamini nesi, hilo ndilo linaloniuma. Asubuhi nimempigia binamu yetu ambaye ni tabibu. Anasema hiyo ni imani ya zamani, iliyoanzia kwa wagonjwa wa tumbo, na hata huko tafiti zilishaonyesha kwamba mgonjwa akitulizwa maumivu daktari bado anajua kinachomsumbua. Sasa mfupa uliokatika utafichwaje na sindano? Mtu aliyetulia ndiye anayelala vizuri kwenye eksirei!

Mnajua nani alikuwa wa kwanza kumsaidia mdogo wangu? Mzee mmoja aliyekuja kumuuguza mkewe. Alimwona anavyotetemeka, akaenda kuomba boksi tupu la maji dukani getini, akalikunja pande mbili za mguu, akaniomba kanga yangu akaichana, akafunga juu ya goti na chini ya kifundo, taratibu, huku anamwambia "pole mwanangu, pole." Mguu ulipoacha kucheza, makelele yalipungua pale pale. Gango la boksi! Hospitali nzima, na hakuna aliyefikiria kumfunga gango kabla ya kuniuliza hela. Mzee wangu, kama unasoma humu, Mungu akulipe.

Binamu akaniambia jambo jingine ambalo limenitoa jasho. Muundi ukivunjika, misuli inaweza kuvimba kwa ndani mpaka damu isipite, na ndani ya saa chache misuli ikaanza kufa. Dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi kupita kiasi. Kwa hiyo unapomwambia mtu ajikaze unamnyamazisha asikuambie kwamba mguu unakufa. Kwa mdogo wangu haikuwa hivyo, alhamdulillah, lakini hilo tumelijua leo. Usiku ule hakuna aliyelichunguza.

Na msiniambie dawa kali ni hatari, watu watakuwa mateja. Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Inatolewa kidogo kidogo kwenye mshipa, mgonjwa anaangaliwa anavyopumua, na ikizidi kuna nalokisoni ya kuipindua. Haya, kama mofini haipo zamu ile, dripu ya parasetamo je? Na kumuuliza tu mgonjwa, kuanzia 0 hadi 10 unaumwa kiasi gani, kisha kurudi baada ya nusu saa kumuuliza tena, kunahitaji risiti gani?

Leo nimemwomba nesi wa zamu ya asubuhi, dada mstaarabu sana, aniangalizie kwenye faili. Presha ya usiku ule imeandikwa. Mapigo ya moyo yameandikwa. Joto limeandikwa. Maumivu hayajaandikwa popote.

Mnaofanya kazi vitengo vya dharura hapa mjini, nijibuni: kwenu mgonjwa wa ajali anapata dawa ya maumivu kabla ya kulipia au baada? Na ninataka kupeleka malalamiko kwa maandishi. Nianzie kwa mganga mfawidhi au kuna dawati lake?